Wazee wa Kaya Hawakuwa Wajinga

Tumezoea kuambiwa kwamba hekaya za kale ni sayansi ya watu wasiokuwa na sayansi. Babu hakujua mvua inatoka wapi, akatunga kisa. Sisi tunajua, kwa hiyo kisa kitupwe. Huu ni uvivu wa kufikiri, na umetugharimu.

Wamijikenda wa pwani ya Kenya husimulia kwamba makabila yao tisa yalitoka Shungwaya, kaskazini, yakafukuzwa na Waoromo, yakaja kujenga kaya, yaani vijiji vyenye ngome, kwenye misitu ya nyuma ya pwani na kuzika humo fingo, dawa ya kinga. Wanaakiolojia wamechimba huko na kukuta wakulima waliishi hapo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kabla ya safari hiyo. Basi Shungwaya ni uongo, anahitimisha msomi wetu.

Kisa kile hakikutungwa kujibu mtihani wa historia. Kilimwambia Mgiriama kwamba Mdigo, wa kabila jingine kati ya yale tisa, ni nduguye, hata Mdigo aliposilimu. Kilieleza wazee wanapata wapi haki ya kuamua kesi na kuomba mvua, na kwa nini mti wa kaya haukatwi.

Wakoloni waliitambua nguvu ya kisa hicho. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, aliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo, wakala kiapo cha kutowatii Waingereza. Mwaka 1914 serikali ikailipua kaya hiyo kwa baruti. Nani hulipua hadithi ya watoto?

Nenda leo Kaya Kinondo, Kwale. Utafungwa kaniki kiunoni, utaambiwa usivunje tawi wala usiokote kitu. Si mbali na hapo, ufuo wa Diani umejaa hoteli. Msitu huo ulilindwa na fingo, makaburi na hofu ya mizimu muda mrefu kabla serikali haijaanza kuzitangaza kaya kuwa turathi mwaka 1992, na UNESCO mwaka 2008. Kwingine imani ilipolegea, shoka liliingia.

Mtanijibu kwamba Kilifi wazee wanauawa kwa tuhuma za uchawi. Wanauawa, na ni unyama. Lakini mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba linalogombaniwa. Shungwaya haikumpa kijana yeyote panga.

Mwalimu anayemwambia mtoto wa Kaloleni, Kilifi, kwamba fingo ni ujinga ana deni kwake: amweleze ni kitu gani kingine kitakachomfanya aone haya kuukata msitu wa babu zake, hata pale ambapo hakuna askari.