Dubai ya mchezo na Dubai tunayoijua: wakaaji wako wapi?

Kati ya michezo ya video juu ya vita, kuna mmoja ambao hata leo bado unazungumziwa: Spec Ops: The Line. Ulitoka mwaka 2012. Ulitengenezwa na kampuni Yager ya Berlin, Ujerumani, na kuuzwa na kampuni 2K ya Marekani. Hadithi yake inapita Dubai, lakini si Dubai ya matangazo ya ndege. Ni Dubai iliyofunikwa na mchanga. Dhoruba kubwa zimeutenga mji na ulimwengu, maghorofa yamezama, na askari watatu wa Marekani, wakiongozwa na kapiteni Martin Walker, wanaingia humo kumtafuta koloneli mmoja aitwaye John Konrad, aliyebaki mjini pamoja na kikosi chake cha 33.

Maoni yangu ni haya: mchezo huu una akili kuliko michezo mingi ya aina yake, lakini Dubai yake imekosa kitu ambacho mji wowote hauwezi kukosa, nacho ni wakaaji wake. Na sisi wa mashariki mwa Congo tunayo haki ya kulisema jambo hilo kwa sauti. Dubai tunaijua, na hadithi hiyo, kabla ya kupelekwa jangwani, ilitungwa kwanza juu ya mto wetu.

Tuanze na mchanga wenyewe. Dubai ya kweli iko kati ya bahari na jangwa. Upepo ambao Waarabu wanauita shamal huinua vumbi hadi barabara zisionekane na magari yawashe taa mchana. Kisha upepo hutulia, watu hufagia, kazi zinaendelea. Hakuna dhoruba inayomwaga mchanga hadi ghorofa ya ishirini katika mji mzima. Jangwa halimezi hivyo. Humeza polepole, tena humeza mahali palipoachwa. Katika Al Madam, upande wa Sharjah, jirani ya Dubai, kuna nyumba zilizojengwa miaka ya 1970, kisha wenyewe wakahama. Leo mchanga umepita milangoni na kujaa vyumbani. Hilo ndilo somo la jangwa: nyumba inayofagiwa kila asubuhi haimezwi.

Kuna na jambo lingine la kuchekesha. Mchanga wa jangwa, juu ya kusuguliwa na upepo miaka na miaka, punje zake ni laini na za mviringo, hazishikani vizuri. Ndiyo maana kisiwa maarufu cha Palm Jumeirah, chenye umbo la mtende, kilijengwa kwa mchanga uliovutwa chini ya bahari. Mji ulioegemea jangwa ulikwenda kutafuta mchanga majini. Watengenezaji wa mchezo waliogopa mchanga ambao wenye mji wanaona haufai hata kujengea.

Penye kweli tuseme kweli: juu ya maji, mchezo haukukosea. Katika hadithi, watu waliobaki mjini wanategemea akiba ya maji, na maji hayo yanapomwagika, kila mtu amehukumiwa kufa. Dubai ya kweli haina mto. Maji yake ya kunywa karibu yote yanatoka baharini na kuondolewa chumvi katika viwanda vikubwa kama vile vya Jebel Ali. Viwanda hivyo vikisimama, mnara wa Burj Khalifa pamoja na mita zake 828 hauwezi kumpa mtu hata kikombe kimoja. Lakini tazameni kilichotokea tarehe 16 Aprili 2024. Mvua ilinyesha katika Falme za Kiarabu kuliko mvua yoyote tangu vipimo vianze kuandikwa mwaka 1949. Magari yalielea barabarani, na njia za ndege kwenye uwanja wa Dubai ziligeuka ziwa. Mji ambao mchezo ulidhani utauawa na mchanga, siku hiyo ulisimamishwa na maji ya mvua. Na baada ya hapo? Watu walileta pampu, wakavuta maji, wakaanika mazulia, wakafungua maduka.

Hapo ndipo tunafika kwa watu. Dubai ina wakaaji zaidi ya milioni 3, na wengi sana kati yao si wenyeji wa nchi hiyo. Ni Wahindi, Wapakistani, Wabangladeshi, Wanepali, Wafilipino, Waarabu wa nchi nyingine, Waafrika. Wanajenga, wanafagia, wanapika, wanaendesha teksi, wanahesabu pesa, wanatuma pesa kwao. Na kila mwaka kunafika pia wafanya biashara wetu. Muulizeni mama wa Butembo, wa Bukavu au wa Lubumbashi anayekwenda kununua bidhaa huko. Hatawaeleza juu ya mnara mrefu. Atawaeleza juu ya Deira, ile kartiye ya zamani kando ya mkono wa bahari: hoteli ndogo ambamo wanawake wanne wanagawana chumba, mashua za kuvukia ng'ambo, duka la Mhindi anayejua kuhesabu kwa Kiswahili, bei ya telefone na ya piyesi za magari, na kontena linalogawanywa kati ya watu kumi hadi lifike Mombasa au Dar es Salaam, ndipo lianze safari ya barabara kuja kwetu. Mama huyo anajua Kiarabu cha maneno kumi tu, lakini kwa maneno hayo kumi anajua Dubai kuliko kapiteni Walker na bunduki yake.

Katika mchezo, watu hao wote hawapo. Wakaaji waliobaki wanaonekana kama kundi tu. Wanakimbia, wanalia, wanapiga risasi, wanakufa. Tukio linalojulikana zaidi ni lile ambamo mchezaji anarusha fosforasi nyeupe juu ya kambi ya askari, kisha anapita katikati ya moshi na kugundua kwamba amewachoma raia waliokuwa wamekimbilia hapo. Wengi walilisifu tukio hilo, na mimi pia nasema si jambo dogo. Michezo mingi ya vita inamfundisha kijana kuua na kupata pointi. Huu unamsimamisha na kumwambia: tazama ulichofanya. Katika mkoa kama wetu, ambamo mabomu yanaangukia kambi za wakimbizi kwa kweli, mtu hawezi kudharau mchezo unaosema hivyo.

Lakini tujiulize, uchungu huo unabaki kwa nani? Unabaki kwa Walker. Ni yeye anayepoteza akili, ni yeye anayesikia sauti, ni yeye ambaye mwisho wa hadithi unamhusu. Waliochomwa hawana majina. Hatujui walikuwa wanauza nini kabla ya dhoruba, walitoka kijiji gani cha India au cha Pakistani, nani alikuwa anawangoja nyumbani. Kifo chao kimegeuzwa kioo ambamo mgeni anajitazama. Serkali ya Falme za Kiarabu ilikataza mchezo huu usiuzwe kwake. Sioni kama kukataza ni jibu. Dawa ya hadithi yenye kasoro ni hadithi nyingine, iliyo bora kuliko hiyo.

Sasa tuje kwenye mto. Jina la koloneli Konrad halikuokotwa njiani. Watunzi wa mchezo waliegemea kitabu cha Joseph Conrad, Heart of Darkness, kilichotoka kwanza gazetini mwaka 1899. Conrad, Mpolandi aliyekuwa baharia, alikuja Congo mwaka 1890 na kupanda mto katika mashua ya moshi Roi des Belges, kutoka Kinshasa hadi Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Katika kitabu, mzungu anapanda mto mrefu kumtafuta mzungu mwingine, Kurtz, aliyepotelea ndani sana na kugeuka mnyama. Mchezo ulichukua safari ile ile: mto ukawa mchanga, msitu ukawa maghorofa, Kurtz akawa Konrad.

Na nani alikuwa Stanley Falls mwaka huo wa 1890? Kulikuwa na Wagenia na mitego yao kwenye maporomoko, kama walivyo hadi leo. Kulikuwa na mji wa watu wanaosema Kiswahili. Tippu Tip, ambaye mfalme Leopold alikuwa amemfanya gavana wa pale mwaka 1887, alikuwa amekwisha kuondoka kurudi Zanzibar, lakini watu wake walibaki, na biashara yao, na ukatili wao wa watumwa na pembe za ndovu. Ulikuwa mji wenye wema na ubaya, wenye wakubwa na wanyonge, wenye lugha ambayo wewe msomaji unaisoma sasa hivi. Katika kitabu cha Conrad mji huo haumo. Kuna msitu, kuna giza, kuna kelele za watu wasio na majina. Mwandishi wa Nijeria, Chinua Achebe, alilalamikia jambo hilo mwaka 1975 katika hotuba yake huko Marekani: Afrika imefanywa pazia la nyuma, ili mzungu mmoja apate mahali pa kuharibikiwa. Yaliyofanyiwa Kisangani miaka mia moja na zaidi iliyopita ndiyo yaliyofanyiwa Dubai mwaka 2012. Pazia limebadilishwa rangi, lakini wenyeji wamewekwa nyuma yake vile vile.

Kama kuna watu wanaojua ni nini kinatokea mji unapofunikwa, ni watu wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 volkano Nyiragongo ilipasuka. Lava ilishuka, ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaingia ziwani. Watu zaidi ya laki moja walipoteza nyumba, na wengine wengi sana walivuka mpaka kwenda Gisenyi. Kufuatana na mawazo ya mchezo, hapo ndipo Goma ingekwisha. Ingebaki mawe meusi, watu wenye wazimu, na askari mgeni anayetafuta koloneli wake. Ilikuwa namna gani kwa kweli? Baada ya siku chache tu watu walianza kurudi, lava bado ina joto. Walitembea juu yake, wakajenga juu yake, wakavunja mawe yake na kuyafanya kuta. Chukudu zikapita tena na mizigo. Kwa mtunzi wa mbali, mji uliofunikwa ni mji uliokwisha. Kwa mkaaji, ni mji unaomngoja kesho asubuhi na jembe.

Sisemi haya ili kuisafisha Dubai. Dubai ya kweli ina mambo yake ya kuulizwa, tena mengine yanatugusa sisi. Ripoti za Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza mara nyingi jinsi dhahabu ya Ituri na ya Kivu inavyotoka kwa magendo, inavyopita nchi jirani, na jinsi sehemu kubwa inavyofika Dubai. Ikishayeyushwa na kuchanganywa na nyingine, hakuna tena anayeweza kusema ilitoka mlima gani na nani alikufa shimoni. Kuna pia wafanyakazi wageni ambao kibali chao cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri. Mtu akitaka kutengeneza mchezo juu ya giza la Dubai, vitu vya kweli vipo. Lakini vitu hivyo vinaomba watu: mchimbaji, mnunuzi wa kwanza, mwenye gari, afisa wa duane, mwenye duka. Dhambi ya kweli ina bei, ina njia, ina majina. Dhambi ya mchezo ina mchanga tu.

Tangu Januari 2024 Spec Ops: The Line hauuzwi tena kwenye maduka ya intaneti, juu ya mikataba iliyokwisha. Lakini michezo ya namna yake haikwishi. Kila mwaka kunatoka mingine yenye jangwa, msitu au mji uliobomoka, na mgeni mwenye bunduki katikati. Kwa vijana wetu nasema: chezeni, hakuna ubaya. Ila mnapopita katika barabara hizo za ekrani, tazameni kando. Ulizeni nani analala katika nyumba ile, anakula nini, na kwa nini mtunzi hakumpa jina. Swali hilo hilo liulizeni mnapoona miji yetu katika habari za nje, ambamo Goma na Bukavu huonekana siku ya risasi tu.

Na kwa wale wanaosoma enformatike Kisangani, Goma, Bukavu au Lubumbashi: siku mtakapopata nguvu ya kutengeneza mchezo wenu, msianze na bunduki. Anzeni na soko saa kumi na mbili asubuhi, mama akipanga bidhaa zake zilizotoka Dubai, akibishana juu ya franga mia tano. Mchezaji akishamjua mama huyo kwa jina, akishajua deni lake na watoto wake, ndipo vita vikiingia mjini atajua ni nini hasa kinataka kupotea.