Kicheko Kisichoombewa Radhi

Wako wasomaji ambao hawajaliwa furaha isiyo na kisingizio. Wakiburudika na utenzi, husema wanachunguza historia. Wakiburudika na taarabu, husema wanafuatia mafumbo. Wakikutwa na riwaya ya kuchekesha, huigeuza jalada chini. Tabia hii haikuanza jana wala haina pwani wala bara. Lakini tangu riwaya za Kichina za danmei zianze kuuzwa kwa Kiingereza madukani, imepata uwanja mpya, na safari hii imevaa joho la kitaaluma.

Yafaa danmei yenyewe ielezwe kwanza, tena bila kuzungushiwa maneno. Neno hilo lina maana ya kuzama katika uzuri. Wachina walilipokea kutoka kwa Wajapani, na leo ni jina la hadithi za mapenzi baina ya wanaume wawili, zinazoandikwa aghalabu na wanawake kwa ajili ya wanawake wenzao. Asiyetaka kusoma habari hizo na asizisome, hakuna atakayemkamata mkono. Lakini anayezisoma, akazimaliza, kisha akawasimulia watu kwamba amesoma kisa cha urafiki mkubwa, huyo amekidhulumu kitabu na amewadhulumu waliomsikiliza. Heri anayekataa waziwazi kuliko anayekubali kwa kuficha.

Kitabu kinachohusika hapa ni mfululizo wa Mo Xiang Tong Xiu uitwao Ren Zha Fanpai Zijiu Xitong, jina ambalo kwa Kiswahili laweza kusemwa Mfumo wa Mwovu Kujiokoa. Ulianza kutoka sura kwa sura mwaka 2014 katika Jinjiang, tovuti ya riwaya iliyoanzishwa mwaka 2003, na kwa Kiingereza ulichapishwa Marekani katika juzuu nne, mwaka 2021 na 2022, kwa jina la The Scum Villain's Self-Saving System. Ni riwaya ya kwanza ya mwandishi huyo, na hilo linaonekana. Ni ya kuchekesha, na hilo linaonekana zaidi.

Kisa chake ni hiki. Kijana mmoja, Shen Yuan, amesoma mtandaoni riwaya ndefu ya shujaa anayekusanya wake bila hesabu na kuwaangamiza maadui wote. Ameilipia sura kwa sura, ameichukia sura kwa sura, na hakuiacha. Anakufa huku akimlaani aliyeiandika. Anapofumbua macho yumo ndani ya riwaya ile ile, katika mwili wa Shen Qingqiu, mwalimu katili anayemtesa shujaa wakati shujaa angali mwanafunzi. Na mwisho wa mwalimu huyo, kama msomaji wetu anavyoukumbuka vizuri mno, ni kukatwa mikono na miguu na mwanafunzi aliyemtesa. Sauti isiyo na mwili, iitwayo Mfumo, inamwarifu kwamba aliyejiona anaweza kuandika vizuri zaidi sasa amepewa nafasi. Akitenda la kupendeza ataongezewa alama. Akitoka nje ya tabia ya mtu anayemwigiza atapunguziwa. Alama zikimwishia atarudishwa kwao, na kwao ameshakufa.

Mhakiki, basi, amefungiwa ndani ya kitabu alichokitukana, na njia pekee ya kutoka salama ni kukirekebisha kwa mwili wake mwenyewe. Ni vigumu kubuni adhabu inayowafaa zaidi watu wa kalamu.

Kicheko cha kitabu hiki hakitokani na vituko peke yake, ingawa vituko havikosi: mwalimu huyu hufika mahali akahitaji mwili mpya, na mwili huo ukaoteshwa ardhini mfano wa uyoga. Kinatokana na sauti mbili kinywani mwa mtu mmoja. Kwa nje, Shen Qingqiu ni bingwa wa kilele cha mlima, upepeo mkononi, uso umetulia, maneno yake machache na yenye adabu ya kale. Kwa ndani ni kijana wa siku hizi anayetukana, anayelalamika, anayehesabu alama zake kama mchuuzi ahesabuye senti jioni. Sauti ya juu na sauti ya chini hupita katika aya moja, wakati mwingine katika sentensi moja, na mzaha wote umo katika mshono unaoziunganisha. Mshono ukilegea, kitabu kimekufa.

Na ipo kejeli iliyo ndani zaidi. Shen Yuan ameisoma riwaya ya asili, anawajua watu wote waliomo, anajua kila pango lina hazina gani. Kwa sababu hiyo haoni kilicho mbele ya macho yake. Mwanafunzi wake, Luo Binghe, humwandalia chakula, hufuata nyayo zake, hushikwa na huzuni kwa neno moja kavu. Naye mwalimu, aliyekwisha kukariri kwamba kijana huyo atakuwa mtesi wake, huisoma kila ishara ya upendo kama dalili ya kisasi. Miaka inapita, mwanafunzi anakuwa mtu mzima na mtawala wa mapepo anayetetemesha milki nzima, na bado hububujikwa na machozi mbele ya mwalimu wake, na bado mwalimu anatafuta panga limefichwa wapi. Mtaalamu wa riwaya hawezi kusoma uso wa mtu. Hapo mwandishi hamcheki Shen Yuan peke yake. Anamcheka kila aliyewahi kufungua kitabu akiwa ameshaamua ni cha aina gani.

Tena kicheko hicho kina mahali kinaponyamaza. Mfumo unamwamuru mwalimu amsukume mwanafunzi wake katika Shimo Lisilo na Mwisho, kwa kuwa hadithi haiwezi kuendelea bila shujaa kuanguka. Anakataa, anajadiliana, anatafuta mlango wa nyuma, mwishowe anamsukuma. Ukurasa huo hauna mzaha. Aliyecheka kurasa mia kabla ya hapo ndiye anayeumia, kwa sababu mzaha ulikuwa umemfundisha kumwamini mtu huyu mwoga, mkarimu, mropokaji wa kimoyomoyo.

Sasa, wanaokidharau kitabu bila kukisoma si tatizo kubwa, maana dharau yao haina ushahidi. Tatizo ni watetezi. Ukisoma yanayoandikwa na wasomi kutetea danmei, utaambiwa kwamba hizi ni nyaraka za wanawake wanaokwepa mfumo dume, kwamba ni dirisha la kuitazama jamii ya China, kwamba ni upinzani dhidi ya vidhibiti vya dola. Huenda yote hayo ni kweli. Lakini mtu anaweza kusoma utetezi huo mzima asigundue kwamba kitabu kinachekesha. Ni sawa na kumsifu mpishi kwa historia ya karafuu, pilau ikipoa sahanini.

Udhibiti upo, na haufai kupunguzwa uzito. Mwaka 2018 mahakama ya Wuhu, katika jimbo la Anhui, ilimhukumu mwandishi wa danmei atumiaye jina la Tianyi kifungo cha miaka kumi na miezi sita, kwa riwaya iliyouzwa nakala zaidi ya 7,000. Mwaka 2024 na 2025 polisi wa Anhui, kisha wa Lanzhou, waliwakamata waandishi wengine waliokuwa wakichapisha katika tovuti moja ya Taiwan. Riwaya nyingine ya Mo Xiang Tong Xiu mwenyewe ilipofanywa tamthilia ya televisheni mwaka 2019, Chen Qing Ling, wapenzi wawili waligeuzwa marafiki wa kufa na kuzikana. Haya ni madhila ya kweli, na aliyefungwa kwa hadithi amedhulumiwa hata kama hadithi yake ni mbaya. Hapo ndipo hoja ya watetezi inapoyumba: dhulma haikifanyi kitabu kuwa kizuri, wala kitabu hakihitaji mwandishi wake atiwe pingu ndipo msomaji awe na haki ya kukifurahia. Anayesoma kwa huruma tu humfanya mwandishi kuwa mgonjwa, na yeye mwenyewe kuwa mtu aliyekuja hospitali na machungwa.

Wanaostahili kutajwa, na ambao hutajwa kwa nadra, ni wafasiri. Mzaha ndicho kitu cha kwanza kufa katika tafsiri. Huzuni huvuka bahari bila shida, kifo ni kifo kila mahali. Lakini utani unaokaa katika tamko moja ni sawa na samaki aliyetolewa majini. Faelicy na Lily, waliotia mfululizo huu katika Kiingereza, walianza kama wapenzi wa kitabu waliofasiri bila ujira na kuwagawia wasomaji wenzao, kabla mchapishaji hajawaajiri. Kuna mabwana wa tafsiri wanaoona hilo ni aibu. Na wajaribu wao, basi, kuzifikisha upande wa pili sauti mbili za Shen Qingqiu, moja iliyonyooka kama maandishi ya kale, nyingine iliyojaa lahaja ya vijana wa mtandaoni, bila ya moja kuimeza nyenzake.

Majina peke yake ni mtihani. Shen Yuan alipokuwa akimtukana mwandishi mtandaoni alijiita Tango Lisilo na Kifani. Mwandishi anayetukanwa anajiita Ndege Irukayo Kuelekea Mbinguni, jina ambalo kwa Kichina limeficha utani wa faragha usiofaa kufumbuliwa mbele ya wazee. Kiingereza hakina ndege wa namna hiyo. Wafasiri waliiacha ndege iruke, na waliweka sherehe ya maneno mwishoni mwa kila juzuu kwa anayetaka kujua zaidi.

Hoja kubwa zaidi imezushwa kuhusu maneno ambayo hayakufasiriwa kabisa. Shizun, yaani mwalimu mtukufu. Shixiong na shidi, wanafunzi wakubwa na wadogo wa mwalimu mmoja. Yote yameachwa katika Kichina, na wapo waliosema kwamba huo ni uvivu. Mswahili anaposikia lalamiko hilo hucheka, maana lugha yake haina shida ambayo Kiingereza kinayo. Kaka, mdogo wangu, ndugu, maalim: maneno yamejaa, na mtu wa pwani hamwiti aliyemsomesha kwa jina lake tupu. Ingeonekana kwamba Kiswahili kingeweza kukifasiri kitabu hiki bila kubakiza neno hata moja la Kichina.

Lakini jaribio dogo linaonyesha vinginevyo. Liweke neno maalim kinywani mwa Luo Binghe, na papo hapo limeingia na chuo chake: mkeka, juzuu, ubao wa kuandikia, sauti za watoto alasiri. Shen Qingqiu hana mkeka wala juzuu. Ana upanga na mlima, na ualimu wake ni wa kafara na miujiza ya Kidao. Mapenzi yatakayokuja baadaye yangemwangukia msomaji na uzito ambao Mchina hakuuweka hapo, na kitabu cha kuchekesha kingegeuka kuwa tusi ambalo hakikukusudiwa. Neno la nyumbani linaweza kusema uongo ambao neno la kigeni halisemi. Wale vijana waliobakiza shizun waliliona jambo hili kabla ya mabwana wa tafsiri, tena wakiwa katika lugha ambayo haikuwa na maalim wa kuwatega.

Kitabu kina kasoro, na asiyezitaja hakukipenda sawasawa. Katikati, baada ya mwanafunzi kurudi kutoka shimoni, visa vinarundikana kama mizigo bandarini. Wanawake waliomo wanapita wakiwa na majina na sura nzuri, wachache wana nafsi. Wapo pia wasiokubali kabisa kwamba mwalimu na aliyekuwa mwanafunzi wake wafikie mapenzi, hata miaka ikishapita, na pingamizi lao haliondolewi kwa mzaha. Ni pingamizi la msomaji kwa kitabu, na linastahili kujibiwa kwa kitabu.

Lisilostahili kujibiwa ni lile la kwamba hii ni fasihi pendwa tu. Kisiwani hapa neno hilo lingetamkwa kwa aibu kidogo. Muhammed Said Abdulla alipomtoa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, alitoa riwaya ya upelelezi, ya kupendeza na ya mizaha, yenye deni la wazi kwa Sherlock Holmes. Leo wasomi wanaiandikia makala. Wasomaji wa kwanza hawakuyangoja makala hayo ndipo wacheke.

Na kuhusu fasihi ya kuandikwa kwa ajili ya fedha, kitabu chenyewe kimekwisha kulisema hilo vizuri kuliko wahakiki wake. Ndege Irukayo, mwandishi aliyelaaniwa, naye amekufa na kuamkia ndani ya riwaya yake, katika mwili wa Shang Qinghua, mtu mdogo anayetumikia pande mbili na kupigwa na pande zote. Tango na Ndege wanapotambuana, mmoja anafungua orodha ya makosa: mashimo ya kisa, watu walioanza wakaachwa njiani, wake wasio na kazi. Mwandishi hakatai. Anaeleza kwamba alikuwa na mpango mwingine, wa hadithi nzito zaidi, na kwamba wasomaji hawakuitaka. Walitaka shujaa ashinde na aoe, na walilipa kwa sura. Naye alikuwa na chakula cha kununua. Mtu anayeambiwa hayo ndiye yule yule aliyelipa, sura baada ya sura, hadi ya mwisho.