Jiko Chumbani

Huku kwetu Nyanda za Juu, kipupwe kikiingia mwezi wa Juni, kazi ya mama huanzia kwenye moto na kuishia kwenye moto. Maji ya kunawa lazima yachemshwe. Nepi zilizofuliwa Jumatatu huanuliwa Alhamisi zikiwa bado na unyevu, na watoto hawataki kutoka kwenye blanketi waende shule. Wenzetu wa Kyela, kule chini kando ya ziwa, wakisikia habari hizi hucheka.

Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, akina mama wanne wa kanisani tulikwenda kumtazama mzazi katika kijiji kimoja huko juu ya Matamba, wilayani Makete, ambako siku zile bado kulikuwa mkoa wa Iringa. Toka Chimala tulipanda ile njia ya mlima ambayo watu huiita Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. Sisi tulipoteza hesabu mapema, maana mwenzetu alikuwa anatapika. Huko juu ukungu ukishuka, kijiji kinakuwa kama kisiwa: gari halipandi wala halishuki, na jirani humwoni mpaka apige hodi. Wakati wa mvua uwanda wa Kitulo hujaa maua, ndiyo maana wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Julai majani yamekauka, na alfajiri huwa meupe kwa umande ulioganda.

Jioni familia yote ilikuwa chumba kimoja. Bibi anasimulia, watoto wanafukia viazi kwenye majivu, nepi zimetandazwa juu ya tenga lililofunikwa motoni. Tulifurahi sana.

Wakati wa kulala, mama mkwe wa yule mzazi alituletea jiko la mkaa, jekundu kabisa, halina moshi hata kidogo. “Wanangu, hamtalala na baridi nyumbani kwangu.” Akaziba dirisha kwa gunia, akasukumia kanga kuukuu chini ya mlango. Wawili kati yetu tulikuwa wauguzi, na hatukusema neno. Tuliona haya kukataa wema wake, na tuseme kweli, tulikuwa tunatetemeka.

Usiku wa manane mmoja wetu aliamka kwenda msalani. Alifika mlangoni akaanguka, na kishindo chake ndicho kilichotuamsha. Vichwa vilikuwa vinagonga, miguu haina nguvu. Tulijikokota hadi barazani, tukakaa tukitapika kwa zamu, na hapo ndipo tulipomkumbuka mzazi. Chumba cha pili, mtoto wa siku tisa, nao walipewa jiko lao! Tuliwakuta wazima. Jiko lao lilikuwa limezimika mapema, kwa sababu mkaa mzuri ulikuwa umewekewa wageni.

Asubuhi bibi alituuliza, “Mbona hapakuwa na moshi?” Hapo ndipo wengi wetu tunapodanganyika. Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, inachukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala anaweza asiamke kabisa. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wamo katika hatari kubwa zaidi. Kama nyumbani mwako watu huamka na kichwa kizito na kichefuchefu, kisha wakitoka nje wanapata nafuu, usiseme ni mafua tu. Na ukimkuta mtu amezimia karibu na jiko, mtoe nje kwanza, kisha mpelekeni hospitali apewe oksijeni, hata kama ameamka.

Basi mtoto mchanga atapataje joto? Mvishe kofia, soksi na nepi kavu, umweke kifuani ngozi kwa ngozi, kisha mjifunike pamoja. Ndivyo wanavyolelewa watoto njiti kwa njia ya kangaruu, iliyoanza Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Hata baba anaweza, akina baba wasijifiche! Na mtoto akikohoa, mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni dalili ya hatari. Miezi 2 hadi 12, pumzi 50. Mwaka 1 hadi 5, pumzi 40. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje ukungu uondoke.

Bibi yule alisikiliza yote akiwa kimya, na sisi tuliogopa tumemuudhi. Jioni jiko lilibaki barazani. Tulipoingia kumuaga mzazi usiku, alikuwa amelala usingizi mzito peke yake. Mtoto alikuwa kifuani mwa bibi, ndani ya sweta la babu, kofia tu ndiyo inaonekana.