Mlipeni Kwanza, Ndipo Mumwite Msaliti

NJIAPANDA, na Stella Bahati

Nimechoka kusikia wauguzi wakiitwa wasaliti. Wiki hii nimelisikia neno hilo ndani ya Noah iliyotoka Ngara mjini kwenda Biharamulo, likitoka kwa mzee aliyewahi kuwa diwani, na hadi ninapoandika sijatulia.

Wanaonisoma kila wiki wanazijua Noah zetu: siti ya watatu wanakaa wanne, na mjadala ukianza hauishi mpaka mwenye mdomo ashuke. Safari hii uliwashwa na simu. Binti aliyebanana nami alikuwa akimweleza mama yake kwamba anakwenda Mwanza kumalizana na wakala, kwamba nusu ya hela anayo, na kwamba jirani atoe iliyobaki ndipo akabidhiwe lile shamba la migomba la Rulenge. Alipokata simu, mzee wa siti ya mbele akageuka.

"Safari ya wapi, mwanangu?"

"Shikamoo baba. Uingereza, Mungu akipenda. Mimi ni nesi."

Hapo mzee akafungulia. Serikali imemsomesha, zahanati za huku hazina watu, akina mama wanajifungua bila mkunga, halafu yeye anakimbilia kuwaogesha wazee wa Kizungu! Huo ni usaliti, akasema, na nyuma yangu wawili watatu wakaitikia. Binti hakumjibu vibaya. Alisema tu, "Baba, mimi kwenye hizo zahanati nipo. Najitolea."

Nilimtaka aeleze, maana nilijua wengi ndani ya gari hawajui maana yake. Ana stashahada, ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ada ya chuo ilitoka kwenye kahawa na ndizi za mama yake, si serikalini. Kila ajira za afya zikitangazwa anaomba, na kila majina yakitoka lake halimo. Katikati ya maombi hayo anashika zamu kwenye kituo cha afya upande wa Biharamulo, za mchana na za usiku, kwa posho inayotoka mwezi huu na kupotea miezi inayofuata. Januari 2025, ilipotangazwa kwamba Marburg imeingia Biharamulo, alikuwa kazini. Ugonjwa ule uliua kila aliyehesabiwa kuupata, watu kumi, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa, hadi ulipotangazwa kwisha Machi 13. Yeye hakuwa na mshahara wa kumfanya abaki, wala bima. Alibaki.

Nikamuuliza mzee wakati ule alikuwa wapi. Alikuwa Dar es Salaam kwa mwanawe, akisubiri hali itulie. Huyo mwanawe naye alihama Ngara kufuata maisha, na sijasikia mtu akimwita msaliti.

Nikaomba kuona ujumbe wa wakala. Hasira yangu ikaongezeka mara mbili. Ameahidiwa kazi ya kulea wazee Uingereza, viza ya uhakika, kwa milioni nne, nusu ilipwe kabla. Jamani! Tangu Julai 22, 2025, Uingereza imeacha kupokea walezi wapya wa aina hiyo kutoka nje ya nchi. Na sheria zao zinamkataza wakala kumtoza mtu hela kwa sababu ya kumtafutia kazi. Yaani mama wa Rulenge anauza shamba ili bintiye anunue nafasi isiyokuwepo.

Mlango wa wauguzi wenyewe bado upo, na ni wa halali kabisa. Unafanya mtihani wa Kiingereza. Unafanya mtihani wa kompyuta wa baraza la wauguzi la kule, pauni 83, halafu ule wa vitendo unaofanyika hukohuko, pauni 794. Baraza letu linathibitisha leseni yako. Mwajiri anakudhamini viza. Pasipoti ni shilingi 150,000 kwa Uhamiaji. Ni ghali na ni ndefu, sikatai, lakini kila shilingi inakwenda kwa anayejulikana na inatoa risiti.

Kuna jambo jingine ambalo binti huyu hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, Tanzania ikiwamo, na Uingereza inawazuia waajiri na mawakala wake kuja kusaka wauguzi katika nchi hizo. Lakini muuguzi mwenyewe hajazuiwa kuomba kazi moja kwa moja kwa mwajiri. Kwa hiyo anayekuja Ngara akidai ametumwa na hospitali ya Uingereza kukusanya manesi, ama anadanganya ama anavunja utaratibu. Hilo lingebandikwa kwenye ubao wa kila chuo cha uuguzi mkoani Kagera, dalali yule angekosa wateja.

Halibandikwi kwa sababu tumefanya kuondoka kuwe aibu. Binti akishaitwa msaliti, anaficha mipango yake. Hamuulizi mganga mfawidhi, hamuulizi mwalimu wake wa chuo, haendi kwa ofisa kazi. Anabaki na namba ya mtu wa Mwanza aliyopewa na rafiki. Majirani zetu Wakenya walisaini makubaliano na Uingereza mwaka 2021, wauguzi wao wakaanza kuondoka serikali ikijua. Sisi tunahubiri uzalendo.

Na wa Ngara ndio tusingepaswa kabisa kuwahukumu wanaohama kwenda kutibu. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi, na Benaco, hapa kwetu, ikafurika wakimbizi. Waliokuja kuwatibu walitoka Ulaya na kwingineko, Madaktari Wasio na Mipaka wakiwamo. Kwao nako kulikuwa na wagonjwa. Tuliwapokea kwa mikono miwili, na mpaka leo tunawasimulia kwa heshima.

Tulipokaribia Lusahunga binti alikuwa amempigia tena mama yake: jirani arudishiwe hela zake, shamba haliuzwi. Kwenda bado anataka, na mimi nimemwambia aende, kwa njia ya halali.

Mzee alikuwa anashuka hapo. Kabla hajafunga mlango nilimuuliza: miezi yote ile ambayo huyu mtoto hajalipwa posho, nani atamlipa? Akasema hilo ni la halmashauri, yeye halimhusu.

Basi na safari ya binti haimhusu.