Tusingoje Majibu ya Maabara

Ndugu zangu, mtu anapojitoa uhai, daktari anayepasua maiti huweza kuchukua damu, mkojo na maji ya ndani ya jicho vikapimwe maabara. Maji ya jicho yana kazi yake: maiti ikianza kuoza, bakteria huweza kutengeneza pombe ndani ya damu, lakini jicho huchelewa kuharibika. Ndilo husaidia kujua kama marehemu alikuwa amekunywa kweli.

Na wengi huwa wamekunywa. Marekani, ambako majibu ya vipimo hivi hukusanywa katika mfumo wa taifa wa taarifa za vifo vya mabavu, pombe imeonekana kwa kama watu wanne katika kila kumi waliopimwa. Tusikimbilie kuhukumu. Kipimo hakisemi kwamba pombe ndiyo iliyoua, wala kwamba marehemu alikuwa mlevi. Kinatuonyesha saa zake za mwisho. Pombe huondoa woga, huzidisha huzuni na kumfungia mtu njia nyingine asizione, ilhali hamu ya kufa mara nyingi hupungua akipata muda na mtu wa kukaa naye.

Hapa kwetu Kenya, anayelia akiwa amelewa tunamcheka: hiyo ni pombe inaongea. Nawasihi tuache. Usimwache peke yake usiku huo. Dawa zilizomo nyumbani zifungiwe, asizifikie. Kesho, kichwa kikishatulia, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua; kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Ukimpeleka hospitali, mweleze daktari yote mawili, unywaji na kukata tamaa, kwa sababu likitibiwa moja tu, la pili laweza kumrudisha palepale. Polisi wasikutishe: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Nanyi mliofiwa, poleni sana. Aibu isiwafanye mkatae uchunguzi. Majibu yake yanaweza kusaidia kuelewa saa za mwisho za marehemu.

Mwenye shida ya pombe au dawa za kulevya apige 1192, simu isiyolipiwa ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya. Aliyelemewa na mawazo, au anayemhofia mwenzake, apige 1199 ya Msalaba Mwekundu, leo hii.