Mboga za Arusha kwenda Ulaya: kikwazo si umbali

Kwa njia ya anga, kutoka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) hadi Amsterdam ni takriban kilomita 6,900. Kutoka Nairobi ni kama 6,670. Katika safari ya saa nane hivi, tofauti hiyo ni ya dakika 15 hadi 20 tu. Hata hivyo, maharage machanga na maua ya waridi ya Arusha mara nyingi husafirishwa kwa lori kupitia Namanga, kilomita zipatazo 270, yakapandie ndege Nairobi.

Sababu ni nafasi. Ndege za mizigo hutua Nairobi kwa kuwa mzigo upo, na mzigo huenda huko kwa kuwa ndege zipo. KIA hutegemea zaidi ndege za abiria, ambazo mabegi ya watalii ndiyo hupakiwa kwanza.

Mwaka 2023 Air Tanzania ilipokea Boeing 767 ya mizigo, inayobeba tani 54. Ingefaa sana. Lakini Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kampuni hiyo katika anga lake, na Juni 2025 ukayajumuisha mashirika yote ya ndege yaliyosajiliwa Tanzania.

Saa zinazopotea mpakani analipa mkulima, kwa sababu mboga iliyonyauka hushushwa daraja au kukataliwa. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba, usiulize bei ya kilo peke yake. Uliza pia gari lina jokofu, na hasara ya njiani ni ya nani.