Shule za Jiji Nazo Zahitaji Azimio la Kazi

Katika vyuo vyetu, mwanachuo haruhusiwi kuingia darasani wakati wa mazoezi ya kufundisha kama hana azimio la kazi na andalio la somo. Twamweleza kwamba mwalimu asiyejua muhula utaishia wapi hawezi kuwafikisha watoto popote. Sharti hilo ni la haki. Lakini likiwa la haki kwa kijana mwenye darasa moja, ni la haki zaidi kwa halmashauri yenye mamia ya madarasa. Maoni yetu ni kwamba shule za msingi za serikali jijini Dar es Salaam zahitaji azimio la kazi la miaka mingi, nalo lianze na hesabu ya watoto, si na matokeo ya mtihani.

Tutazame tulikotoka. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliweka lengo la kuwaandikisha watoto wote wa rika la shule ifikapo 1977. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulioanza mwaka 2002, ulikwenda pamoja na kufutwa kwa ada. Mwaka 2016 elimu bila ada ilifika hadi kidato cha nne. Hatua zote tatu zilikuwa sahihi, na mamilioni ya wananchi wamesoma kwa sababu yake. Hata hivyo, kila mara watoto walitangulia; vyumba, madawati na walimu vikafuata nyuma. Kosa halikuwa kufungua mlango. Kosa ni kumpokea kama mgeni wa ghafla mtoto ambaye kuja kwake kulijulikana.

Kwa sensa ya mwaka 2012, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541. Mwaka 2022 walikuwa 5,383,728. Yaani katika miaka kumi umeongezeka watu zaidi ya milioni moja. Aghalabu familia changa huhamia pembezoni, kama Mbagala, Chanika na Goba, ambako viwanja hugawanywa na kujengwa kabla eneo la shule halijatengwa. Matokeo yake ni madarasa yaliyofurika na zamu mbili, asubuhi na mchana.

Jambo hili si la wahandisi peke yao; ni la mbinu za kufundisha. Tuchukue kipindi cha dakika 30. Katika darasa la watoto 45, ambacho ndicho kiwango kinachokubaliwa, mwalimu akigawa muda sawasawa kila mtoto hupata sekunde 40. Wakiwa 120, hupata sekunde 15. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulioanza kutumika mwaka 2015 katika darasa la kwanza na la pili wataka mwalimu amsikilize kila mtoto akisoma. Kwa sekunde 15 atamsikiliza nani? Hapo mbinu shirikishi tunazozisisitiza vyuoni hubaki katika daftari la mwanachuo, na darasa hurudia kuimba silabi kwa pamoja. Asiyejua kusoma hujificha ndani ya sauti za wenzake, akatokeza katika darasa la nne au la saba, wakati kumsaidia kumekuwa kazi ngumu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Azimio tunalolipendekeza lingekuwa na mambo manne. Kwanza, kila kata ihesabu watoto wake tangu kuzaliwa, kwa kutumia kumbukumbu za kliniki na serikali za mitaa. Mtoto atakayeanza darasa la kwanza miaka mitano ijayo amekwisha kuzaliwa. Pili, ardhi ya shule itengwe kabla ya viwanja kuuzwa. Tatu, walimu hodari wapangwe madarasa ya chini. Siku hizi desturi ya shule nyingi ni kuwaelekeza darasa la mtihani, na darasa la kwanza kuachiwa yeyote aliyebaki. Nne, azimio libandikwe katika ofisi ya kila mwalimu mkuu, likaguliwe kila mwaka mbele ya kamati ya shule, wala lisibadilishwe kwa sababu tu kiongozi amehamishwa.

Wapo watakaosema kwamba fedha na ajira za walimu hutoka serikali kuu, kwa hiyo halmashauri haina la kupanga. Ni kweli kwamba haiwezi kuajiri itakavyo. Lakini kuhesabu watoto, kutenga viwanja na kugawa walimu waliopo baina ya shule za katikati na za pembezoni ni mambo yaliyo mikononi mwake. Isitoshe, anayeomba fedha akiwa na hesabu ya miaka kumi husikilizwa kuliko anayelalamika kila Januari.

Mfano uko wazi. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa mwaka 2024 umefupisha elimu ya msingi kuwa miaka sita, na kwa mpango huo darasa la sita na la saba humaliza pamoja mwaka 2027. Tarehe hiyo ilijulikana mapema, na idadi ya watoto yaweza kusomwa katika rejista za shule. Halmashauri isiyoweza kujiandaa kwa jambo linalojulikana hivyo haina haki ya kumdai mwanachuo wetu andalio la somo.